Madigadi, Mpira na Matope: Maswali ya Waendesha Pikipiki Msimu wa Mvua

Masika yakianza Machi, na vuli ikirudi Oktoba, safari ya bodaboda hubadilika sura. Muuguzi anayetoka Goba kuwahi zamu ya asubuhi hufika wodini na madoa mgongoni. Mwalimu wa Lushoto hubeba suruali ya pili kwenye mfuko. Dereva mwenyewe hurudi jioni magoti yamegandiwa na tope, na chini ya injini yake pamejaa udongo wa kukwangua kwa kisu. Wengi wameichukulia hali hii kuwa ndiyo mvua yenyewe, haina dawa. Mimi sikubaliani nao. Mengi ya matope hayo huzuilika kwa kipande cha mpira, boliti chache na muda mfupi wa fundi, mradi kipande hicho kikae mahali pake na kwa kipimo chake. Kikifungwa ovyo kinaweza kumwangusha mtu. Kwa hiyo maswali yanayoulizwa vijiweni kila msimu yanastahili kujibiwa kwa kina.

Maji yanayonipiga miguuni na usoni yanatoka wapi hasa?

Yanatoka kwenye gurudumu la mbele, karibu yote. Tairi linapopita kwenye maji, sehemu ya maji hukamuliwa pembeni na sehemu nyingine hunasa kwenye kashata za tairi na kupanda nalo. Yakishapanda kidogo hushindwa kushikilia, huchomoka na kuruka moja kwa moja kufuata uelekeo ambao sehemu ile ya tairi ilikuwa inaelekea wakati huo. Hilo ndilo jambo la kulielewa kabla ya kununua chochote, kwa sababu mahali tone linapochomoka ndipo panapoamua litakupiga wapi.

Tone linalochomoka karibu na ardhi, nyuma tu ya mahali tairi linapogusa barabara, huenda nyuma likiwa chini chini na kupiga tumbo la injini na bomba la moshi. Linalochomoka juu zaidi, katikati ya ardhi na ekseli, hupanda kwa mshazari na kukupata kwenye muundi na magoti. Linalofika usawa wa ekseli hurushwa wima. Na lile linalozunguka mpaka juu ya tairi hurushwa mbele ya pikipiki, hewa hulipunguza kasi, kisha wewe mwenyewe unalifuata na kulipokea kifuani na kwenye kioo cha helmeti. Ndiyo maana aliyeng'oa madigadi ya mbele hulowa uso hata siku ambayo mvua imekwisha na barabara ina maji tu.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwa kilomita 40 kwa saa, tone huachana na tairi kwa kasi ya kama mita 11 kwa sekunde. Kama hewa isingelipunguza, lingeweza kupanda zaidi ya mita 6. Ukishuka hadi kilomita 20 kwa saa, urefu huo hupungua hadi mita moja na nusu hivi. Mwendo umepungua nusu, mruko wa maji umebaki robo. Hakuna kifaa dukani kitakachokusaidia kama kulegeza mkono kabla ya dimbwi.

Pikipiki yangu imekuja na madigadi mbili. Kwa nini bado nachafuka?

Kwa sababu madigadi nyingi za mbele huishia usawa wa ekseli au juu yake kidogo. Zinazuia yale maji ya juu, yanayokuja usoni, na kazi hiyo zinaifanya vizuri. Lakini eneo lote kati ya ekseli na ardhi limebaki wazi, na humo ndimo yanamotoka matope ya miguu na injini. Watengenezaji wana sababu zao: madigadi fupi ni nyepesi, haigongi kingo za barabara, na mtu akibadilisha tairi haimsumbui. Pikipiki hizi huuzwa nchi nyingi, na mtengenezaji hawezi kujua kwamba yako itaishi Kinyerezi au Kibondo.

Ukitaka kuona ukubwa wa pengo hilo, weka pikipiki kwenye stendi kubwa mahali tambarare, chuchumaa ubavuni na utazame mwisho wa madigadi ya mbele uko umbali gani kutoka chini. Nafasi hiyo yote ni mlango wa matope.

Nianze mbele au nyuma?

Anza mbele. Nasema hivi nikijua kwamba vijana wengi hufunga kwanza mpira mrefu wa nyuma wenye maandishi, kwa kuwa ndio unaoonekana. Mpira wa nyuma unamsaidia anayekufuata barabarani, na hilo ni jambo jema. Ila miguu yako, injini yako, plagi, honi na mapezi ya kupoozea injini vyote viko nyuma ya gurudumu la mbele. Kama una fedha ya kipande kimoja tu, kipande hicho kifungwe kwenye ncha ya nyuma ya madigadi ya mbele.

Faida yake si usafi peke yake. Injini nyingi za bodaboda hupozwa na hewa. Tope likikauka katikati ya mapezi yale, hewa haipiti na joto halitoki. Dereva huhisi pikipiki imechoka mchana, haina nguvu kwenye mlima, akadhani ni mafuta mabaya. Kumbe injini imevaa koti la udongo tangu mvua ya juzi.

Mpira wa mbele uwe na urefu gani?

Hapa kuna jambo ambalo watu hulichanganya. Madigadi ya mbele ya pikipiki za kawaida imefungwa kwenye miguu ya chini ya shokapu, kwa hiyo inapanda na kushuka pamoja na gurudumu. Shokapu ikizama kwenye shimo, madigadi haisogelei ardhi kwa maana gurudumu nalo limebaki palepale. Kwa hiyo mpira wa mbele unaweza kushuka chini kuliko wengi wanavyodhani. Ukibaki sentimita 12 hadi 15 kutoka ardhini unakata karibu maji yote ya magoti na muundi, na bado unavuka matuta mengi bila kugusa. Anayepanda kingo za barabara au kupita njia zenye mawe na visiki auache juu zaidi, sentimita 20 hivi.

Madigadi ya nyuma ni habari nyingine. Yenyewe imefungwa kwenye fremu, wala haifuatani na gurudumu. Abiria akipanda, au gunia la mahindi likifungwa, nyuma yote inashuka na mpira unashuka nao. Kwa hiyo kipimo cha mpira wa nyuma kichukuliwe pikipiki ikiwa imebeba mzigo wake mzito wa kawaida. Mwite mwenzako wa kijiweni, akae nyuma, mtu wa tatu apime. Ukipima pikipiki ikiwa tupu, siku ya kwanza ya abiria wawili utasikia mpira unasuguana na lami. Najua abiria wawili hawaruhusiwi, najua pia kinachotokea jioni mvua ikinyesha.

Kuna hatari moja ya mpira mrefu wa nyuma ambayo watu huigundua wakati wa kurudisha pikipiki kinyumenyume. Gurudumu likizunguka kinyume, huukanyaga mpira unaoburuza chini na kuuvuta. Kinachokatika mara nyingi ni madigadi yenyewe, pamoja na taa. Mpira wa nyuma usiguse ardhi kamwe, hata kwenye mteremko.

Upana je?

Upite upana wa tairi kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Tairi nyingi za mbele za bodaboda zimeandikwa 2.75 na za nyuma 3.00, yaani upana wake kwa inchi. Mpira ulio sawa na tairi huacha maji ya pembeni yapite. Mpira mpana kupita kiasi nao hukamata upepo, hutikisika na kulegeza boliti. Wembamba juu unapoungana na madigadi, upana chini: umbo hilo ndilo linalofanya kazi.

Nitumie mpira gani? Tyubu ya lori inatosha?

Tyubu ni ya bure na inakatika kirahisi, ndiyo maana iko kila mahali. Lakini ni laini mno. Kipande kirefu cha tyubu kwenye gurudumu la mbele hupepea, na kikigusa tairi linalozunguka kinavutwa juu, kinajikunja kati ya tairi na madigadi. Sehemu ya nyuma ya gurudumu husafiri kwenda juu, chochote inachokigusa hukipandisha. Kwa mwendo wa lami, mkunjo huo unaweza kulibana gurudumu. Tyubu iachwe kwa kazi ya kuziba nyufa ndogo za pembeni na kufunga mizigo.

Kifaa ninachokipendekeza ni mpira wa bapa wenye unene wa milimita 3 hadi 4, hasa ule wenye nyuzi ndani. Unasimama wenyewe bila kulegea, na ukigonga jiwe unapinda na kurudi. Mpira wa matope wa malori uliochakaa, ukikatwa, unafaa iwapo si mzito sana. Ukuta wa tairi kuukuu unafaa pia, ila kagua usiwe na waya za chuma. Waya zikichomoza zinachana tairi na zinachana miguu ya watu.

Plastiki ya dumu la lita 20 nayo ina mashabiki wengi, na ina haki yake. Ni nyepesi, haina gharama, na ukiimwagia maji ya moto sana inakubali kupindwa. Udhaifu wake ni jua. Baada ya miezi kadhaa ya kuanikwa inakuwa kavu, inapasuka, na kingo zake ni kali. Anayetumia dumu aikague kila mara na kuibadilisha ikianza kufifia rangi.

Vipande vilivyotengenezwa maalumu kwa ajili ya kurefusha madigadi vipo madukani, vya plastiki ngumu au mpira. Ukivinunua, hakikisha vimetengenezwa kwa aina ya pikipiki yako. Mkunjo wa madigadi ya Boxer si ule wa TVS wala wa Haojue, na kipande kisichofuata mkunjo kitakaa kwa kulazimishwa na kitavunjika hapo hapo kinapolazimishwa.

Bati na chuma cha kuchomelea sivipendekezi hata kidogo. Ni vizito, vinatikisika mpaka vinang'oa kishikizo cha madigadi, na pikipiki ikimgusa mtembea kwa miguu, chuma kile kinakata nyama.

Fundi akifunga, nisimamie nini?

Simamia boliti kwanza. Kichwa cha boliti, kile cha mviringo, kikae upande wa ndani unaotazama tairi, na nati ikae nje. Mafundi wenye haraka hufanya kinyume, kwa kuwa ni rahisi kukaza nati wakiwa wameingiza mkono kwa chini. Matokeo yake ncha ya boliti hubaki imeelekea tairi. Siku tairi likijaa tope au madigadi ikilegea, ncha hiyo inachora mfereji kwenye mpira wa tairi mzunguko mzima.

Kwenye madigadi ya plastiki, tundu likae angalau sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, na kila upande uwekewe washa pana. Bila washa, boliti huivuta plastiki na ufa huanzia kwenye tundu. Wala isikazwe kwa nguvu za kukaza injini. Tumia nati zenye duara la plastiki ndani, zile zisizolegea kwa mtikisiko. Boliti mbili hazitoshi kwa mpira mrefu, weka tatu au nne ili usizunguke. Kama madigadi ni ya bati, tundu lipakwe rangi kabla ya kufungwa, la sivyo kutu itaanzia hapo na kuila taratibu.

Ikishafungwa, pandisha gurudumu la mbele juu na ulizungushe kwa mkono huku ukigeuza usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Mpira usiguse tairi, waya wa breki, bomba la moshi wala injini. Kandamiza shokapu kwa uzito wako mara kadhaa, halafu tazama tena. Fanya hivyo pia jioni ya siku ya kwanza, kwa sababu boliti mpya hukaa vizuri baada ya kutikiswa.

Kwetu udongo ni wa mfinyanzi. Je, madigadi haitajaa tope na kubana gurudumu?

Itajaa. Swali hili ni zito kuliko yote yaliyotangulia, na jibu la mtu wa Dar es Salaam halimfai mtu wa Shinyanga.

Udongo wa pwani una mchanga mwingi. Unachafua, unakula cheni kama msasa, lakini ukikutana na maji unatiririka na kuanguka. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Shinyanga na Simiyu, na udongo mwekundu wa miteremko ya Arusha na Kilimanjaro una tabia nyingine. Unashikamana na tairi, unashikamana wenyewe kwa wenyewe, na kila mzunguko unaongeza tabaka. Tairi lililotoka nyumbani lina nafasi ya vidole viwili chini ya madigadi, baada ya mita mia chache halina nafasi kabisa. Udongo uliojaa pale unafanya kazi ya breki isiyoachia. Dereva anaongeza moto, klachi inaungua, injini inachemka. Kisha gurudumu la mbele linaacha kuzunguka, linaanza kuteleza, na usukani hautii tena. Wapo walioangukia bega kwa sababu hiyo wakiwa kwenye mwendo mdogo kabisa.

Dalili zinakuja mapema kwa anayesikiliza. Pikipiki inakuwa nzito ghafla ilhali njia ni tambarare. Kuna sauti ya kukwaruza mbele. Ukiachia moto, pikipiki inasimama upesi kuliko kawaida. Hapo simama, shuka, safisha. Beba kijiti bapa cha mti mgumu, kimefungwa chini ya siti muda wote wa masika. Usitumie bisibisi wala panga karibu na tairi na waya wa breki.

Kuhusu namna ya kuzuia, pikipiki zilizobuniwa kwa njia za porini, kama Yamaha DT125 na Honda XL125 ambazo maofisa ugani na watu wa miradi wamezitumia vijijini kwa miaka mingi, zina jibu lake. Madigadi yao ya mbele imewekwa juu kabisa, chini ya taa, mbali na tairi. Tope linapata nafasi ya kupanda, kuzunguka na kudondoka. Gharama yake ni kwamba kwenye lami yenye maji zinamlowesha dereva zaidi, maana maji hupata upenyo. Kwa hiyo hakuna madigadi moja inayomaliza kazi zote mbili. Anayeishi kwenye lami anataka madigadi iliyo karibu na tairi na mpira mrefu. Anayeishi kwenye mfinyanzi anataka nafasi kwanza, usafi baadaye.

Kwa pikipiki ya kawaida inayofanya kazi kwenye mfinyanzi, fundi mzuri anaweza kuinyanyua madigadi ya mbele kwa vipande vya chuma kwenye vishikizo vyake. Nafasi ya kiganja kizima kati ya tairi na madigadi inasaidia sana. Lakini kumbuka kwamba madigadi hii hupanda na shokapu. Ukiinyanyua kupita kiasi, siku ya shimo kubwa itagonga taa au honi kwa chini. Kandamiza shokapu mpaka mwisho uone kabla ya kukaza.

Wapo wanaoing'oa kabisa mvua ikianza. Naelewa sababu, ila wanatakiwa kujua jambo moja. Kwenye pikipiki nyingi, upinde wa chuma unaoshika madigadi unaunganisha miguu miwili ya shokapu ili isogee pamoja. Ukiutoa, kila mguu unajipinda kivyake na pikipiki inayumba kwenye kona. Kama ni lazima madigadi itoke, upinde ule ubaki na boliti zake zikazwe.

Na tairi je? Anayebadilisha tairi la kawaida na kuweka pana zaidi, au lenye kashata kubwa, amepunguza nafasi ya tope hata kama hakugusa madigadi. Kipimo kifanywe upya.

Abiria wangu analowa mgongo, mimi nimekauka. Kwa nini?

Kwa sababu pikipiki na watu wawili waliokaa juu yake wanasukuma hewa mbele, na nyuma yao hewa inakuwa pungufu. Upungufu huo unavuta vitone vilivyorushwa na gurudumu la nyuma na kuvirudisha mgongoni mwa abiria. Madigadi ndefu ya nyuma inavikata vitone hivyo kabla havijapanda. Ile iliyokatwa haiwezi.

Nasema wazi kuhusu mtindo wa kukata madigadi ya nyuma ili tairi lionekane. Anayefanya biashara ya kubeba watu hana haki ya kuikata. Abiria amelipa nauli kufika akiwa anafaa kuingia kazini, darasani au msibani. Zaidi ya hapo, madigadi ile ndiyo inayobeba taa ya nyuma, kiakisi mwanga na namba ya pikipiki. Vikipakwa tope, lori linalokuja nyuma usiku wa mvua halikuoni. Vifute kwa kitambaa kila unaposimama kijiweni, ni kazi ya sekunde chache.

Akina mama wanaokaa upande wakiwa na kanga, dera au baibui wana hatari nyingine, ya nguo kunaswa na njiti au cheni. Pikipiki nyingi kutoka India huja na wavu wa chuma ubavuni mwa gurudumu la nyuma, uliobuniwa kulinda sari. Vijana wengi huutoa kwa kudhani ni urembo. Urudishwe. Unazuia nguo, na ukifungiwa kipande cha plastiki kwa ndani unapunguza matope ya pembeni yanayowafikia abiria miguuni.

Kuna mpira wa ndani, unaokaa juu ya tairi la nyuma chini ya siti. Una maana?

Una maana kubwa kwa pikipiki yenye shokapu moja ya katikati, kwa sababu shokapu hiyo imekaa mbele ya gurudumu na hupigwa na mchanga siku nzima. Kinga hiyo hufungwa kwenye mkono wa nyuma unaoshika ekseli, kwa hiyo inasogea na gurudumu na inaweza kukaa karibu nalo sana. Kwa Boxer, TVS na CG zenye shokapu mbili pembeni, umuhimu wake ni mdogo. Fedha hiyo ni heri ilinunue kava kamili la cheni kama lako limepotea. Cheni iliyofunikwa yote, ikapakwa mafuta, hukaa muda mrefu kuliko ile inayooshwa na mchanga kila siku, na jino la sproketi halichongoki upesi.

Turubai tunalofunga kwenye bampa mbele ya miguu ni sawa?

Wazo lenyewe ni la zamani na ni zuri. Honda Super Cub, pikipiki iliyotoka mwaka 1958 na ambayo hadi 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, ilikuja na ngao za plastiki mbele ya miguu tangu siku ya kwanza. Dereva aliweza kuvaa viatu vya ofisini. Lakini ngao zile zilichongwa zikaacha njia ya hewa kufika kwenye injini.

Turubai linalofungwa kuanzia bampa moja hadi jingine linaziba njia hiyo. Njombe na Makete, ambako baridi ni kali, madereva hulifunga asubuhi na kulisahau mchana, na injini inaungulia ndani. Afadhali vipande viwili, kimoja kwa kila mguu, katikati pawe wazi mbele ya injini. Visifike kwenye bomba la moshi, kwa sababu nailoni ikigusa bomba huyeyuka na kuwaka. Visizuie pia mguu kufika kwenye breki na gia. Jaribu ukiwa umevaa buti za mvua, si viatu vya kila siku.

Ni uchafu tu, kwani unadhuru?

Maji ya mafuriko mijini si maji ya mvua peke yake. Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam likijaa, vyoo na mitaro vimo ndani yake, pamoja na mikojo ya panya. Mkojo wa panya ndio unaobeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa ambao Wizara ya Afya ya Tanzania iliuthibitisha Ruangwa mkoani Lindi mwezi Julai 2022. Vimelea hivyo huingia kupitia mchubuko wa ngozi, macho na mdomo. Dereva mwenye kidonda muundini anayerushiwa maji hayo siku nzima yuko katika hatari ya kweli. Mpira unapunguza kinachomfikia. Buti, kufunika kidonda, kushusha kioo cha helmeti na kuosha miguu kwa sabuni akifika nyumbani vinafanya kazi iliyobaki. Homa kali, maumivu ya misuli na macho kuwa mekundu siku chache baada ya kupita kwenye mafuriko ni sababu ya kwenda kituo cha afya na kumweleza mganga ulipita wapi.

Nikishafunga vyote hivi, nitakuwa mkavu?

Hapana. Madigadi haizuii maji yanayokamuliwa pembeni na tairi, wala yale unayorushiwa na basi linalokupita. Haizuii breki za ngoma kulowa. Ukitoka kwenye dimbwi refu, bonyeza breki kidogo kidogo ukiwa kwenye mwendo mdogo mpaka uone zinashika, ndipo uongeze moto. Na jioni, osha tope lingali bichi kwa ndoo na brashi, hasa chini ya madigadi zote mbili. Mashine ya presha usiielekeze kwenye beringi za magurudumu, wala kwenye mapezi ya injini ingali ya moto.

Wenye pikipiki mnaowapa vijana kwa hesabu ya kila siku, ombi langu linawaelekea ninyi. Kijana analeta hesabu, fedha ya mpira na boliti hana, na pikipiki inayooza kwa matope ni mali yenu. Kabla ya masika kuanza, mpelekeni kwa fundi, simamieni pamoja mpira wa mbele ufungwe, kava la cheni lirudi, taa na namba ya nyuma vionekane.